Vifaranga Mia Mbili na Shofaje Niliyoikata

Mimi ni mtu wa kukata shofaje. Kwa zaidi ya miaka ishirini, kila gari la okazyo, lililokwisha kutumika Ulaya, lililoshuka hapa Bukavu na kufika mikononi mwangu, kitu cha kwanza nilichofanya ni kufungua boneti, kutafuta yale mabomba mawili ya mpira yanayopeleka maji ya moto ndani ya kabini, kuyakata, na kuyaunganisha kwa kipande cha chuma. Dakika kumi, kazi imekwisha. Kuanzia hapo maji ya injini yanazunguka huko huko mbele, na shofaje yenyewe, ile radiatere ndogo iliyofichwa nyuma ya dashibodi, ile inayompasha joto dereva wa Ulaya, haipati hata tone. Naing'oa, naitupa. "Shofaje ya nini huku?" niliwaambia wateja. "Weye uko na theluji kwako?" Walicheka, wakakubali, wakaniona fundi anayejua mambo.

Sikuwa mjinga kabisa. Huku kwetu wengi tunatia kwenye radiatere maji ya bomba au ya ziwa, tunayoyapata karibu, na baada ya mwaka mmoja ndani kumejaa kutu. Shofaje ndiyo ya kwanza kutoboka. Ikitoboka, maji yanadondokea miguu ya abiria, na mteja anarudi kukutukana mbele ya watu. Kuikata ni kujikinga. Mafundi wengi wa mji huu wanafanya hivyo, na baadhi yao, nasema bila kujisifu, au tuseme kwa kujisifu kidogo, walijifunza kwangu.

Kamyo yangu mwenyewe niliikata shofaje wiki ile ile niliyoinunua. Ni kamyo ndogo ya pua, kuukuu kuliko mtoto wetu wa kwanza, na vitufe vyake vimeandikwa kwa lugha ambayo mpaka leo sijui ni ya nchi gani. Inabeba mbao, inabeba saruji, inabeba viazi, inabeba masanduku ya wafu ikibidi. Tunakaa Bagira, kwenye mteremko, na jirani zangu wanajua saa ya kuamka kwa sauti yake.

Mke wangu ni mtu wa kuku. Alifundisha shule ya msingi miaka mingi, halafu akaacha chaki akaanza kupokea vifaranga wa siku moja kutoka ng'ambo ya mpaka, kwenye masanduku ya katoni yenye matundu. Anawalea mpaka wapate manyoya, anawagawa kwa watu. Siku moja wakaja wamama kutoka milimani, mbali juu ya mji wa Walungu. Ugonjwa ulikuwa umepita kwao ukafagia kuku wote, hakubaki hata jogoo wa kuwaamsha. Walitaka vifaranga mia mbili, wapelekewe wakiwa bado wadogo, wawalee wenyewe. Mke wangu alisema ndiyo kabla hajaniuliza kama kamyo iko na nafasi. Ananijua. Nitanung'unika, halafu nitakwenda.

Aliniuliza kitu kimoja tu. "Kule juu kuko baridi. Mu kamyo kutakuwa joto?"

"Maman, injini iko hapa mbele," nilimjibu. "Joto yake yote inaingia ndani. Usiogope."

Tulipanda siku ya mvua. Kifaranga wa siku moja hana manyoya ya kumsaidia, ana vinyoya laini tu, na baridi inamuua upesi. Mpaka Walungu mambo yalikuwa mazuri. Tulipoanza kupanda mlima, ukungu ukashuka, baridi ikaanza kuingia chini ya mlango, na vifaranga wakaanza kulia. Si kulia kwa kawaida. Walilia wote pamoja, kwa sauti kali, bila kupumzika. Mke wangu aliyafunika masanduku kwa kitenge. Akavua sweta lake akaongeza. Akawatoa waliokuwa wanatetemeka zaidi akawaweka kifuani, ndani ya blauzi. Chupa za maji ya moto alizobeba zilikuwa zimepoa zamani. Nilisema pengine tungekuja na mbabula yenye makaa, akanitazama jinsi anavyomtazama mtoto aliyesema mbili na mbili ni tano, kwa sababu mbabula ndani ya kabini iliyofungwa ingetuua sisi wenyewe. Kioo cha mbele kilijaa ukungu kwa ndani. Niliendesha kwa mkono mmoja, nikipangusa kioo kwa mkono mwingine.

Karibu na kileleni wakanyamaza. Nilifurahi. Nilimwambia, "Unaona, wamelala."

Aliingiza mkono chini ya kitenge. Alijua kabla yangu. Tulipofika na kufungua masanduku, waliokuwa hai walikuwa wachache, wamerundikana kwenye kona moja juu ya wenzao waliokufa.

Wale wamama hawakutulaumu. Ingekuwa afadhali wangetulaumu. Walitupa chai, na mmoja wao, mrefu, mwenye kitambaa cha njano kichwani, akatuwekea kikapu cha viazi nyuma ya kamyo, eti tumechoka njiani kwa ajili yao. Mke wangu alilia kutoka pale mpaka Walungu, bila sauti, mikono juu ya masanduku matupu. Tulipokaribia nyumbani alisema, "Nitajaribu mara moja tena. Vikikufa tena, naacha hii kazi. Sitashika hata yai." Na mke wangu hasemi neno mara mbili.

Mimi nilifanya ninachofanya nikikosea, yaani nikakasirika. Kwa siku tatu nilimkasirikia kila mtu. Mvua. Barabara. Wale wa ng'ambo waliotuuzia vifaranga dhaifu. Nilisema mengi, na mke wangu alikuwa anakwangua sufuria tu. Siku ya nne, tukiwa tunakula, aliniuliza kwa upole wa mwalimu: "Kile kitufe cha bulu na nyekundu, mu kamyo, ni cha nini?"

"Cha shofaje."

"Na shofaje iko wapi?"

"Niliitoa."

"Juu ya nini uliitoa?"

Nilikuwa nimeshika tonge la bugali. Nililirudisha kwenye sahani. Kwa miaka ishirini nilikuwa nimewajibu wateja swali hilo na wote wakacheka, na sasa nilikuwa na jibu lile lile mdomoni na lilikuwa limekuwa chungu. Vifaranga wale niliwaua mimi. Nilimwambia hivyo hivyo. Akasema, "Sawa. Sasa ulete ingine." Vifaranga wengine walikuwa wameshaagizwa, wangefika mpakani Ijumaa, na kifaranga akishaanguliwa huwezi kumwambia asubiri wiki ijayo.

Jumanne nilikwenda Kadutu, kwa wauzaji wa vipande vya magari. Pale unapata milango, viti, giaboksi, usukani, taa za gari ambalo halijatengenezwa tena tangu nilipooa. Shofaje hakuna. Nilizunguka tangu asubuhi. Nilipata moja tu, ya gari dogo la kifamilia, imebanwa ikawa bapa. Mwishowe nikafika kwa muuzaji mmoja tuliyezeeka pamoja, anayekaa katikati ya vyuma vyake na redio ndogo. Nilipomwambia ninachotafuta, alizima redio ili anicheke vizuri.

"Muzee, si weye njo ulisemaka shofaje ni ya kutupa? Tulitupa. Zile za shaba walienda kuziyeyusha. Za alumini zikawa sufuria. Rudi nyumbani uangalie jikoni, pengine bibi yako anapikia ndani ya shofaje."

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika hapa. Alizidi kucheka. Nilipanda kurudi Bagira kwa miguu, makusudi, ili hasira iishie njiani, na haikuishia.

Jumatano asubuhi nilikaa nyuma ya nyumba, juu ya kreti la bia lililopinduliwa, na kikombe cha chai. Mke wangu alikuwa anawawekea kuku maji. Nyumba ya kuku niliijenga mwenyewe, kwa mbao za mabaki, miaka mingi iliyopita, na juu kwenye ukuta kuna kidirisha cha ukubwa wa daftari la shule. Kinapitisha hewa, hakipitishi kicheche wala panya. Nilikuwa nakitazama tu, bila kufikiri. Kina matundu madogo madogo, mistari myembamba ya chuma iliyopangwa karibu karibu, na pembeni vishina viwili vya bomba vilivyokatwa. Nilikuwa nimekipigilia pale kwa misumari minne kwenye masikio yake.

Niliweka kikombe chini.

"Maman," nilisema, "toka kwanza humo ndani."

Alitoka mbio akidhani nimeona nyoka. Nilileta nyundo, nikang'oa misumari, nikakishusha. Kilikuwa kizito, cha shaba kweli, kimejaa manyoya, utando wa buibui na mavi ya kuku. Mke wangu alikitazama, akanitazama.

"Njo hii shofaje?"

"Njo hii."

"Miaka yote ilikuwa huku? Kwa kuku wangu?"

Alianza kucheka. Alicheka mpaka akaegemea ukuta, akajifuta machozi kwa kitenge, akacheka tena. Niliudhika kidogo, kwa sababu mimi huudhika, lakini tangu tuliporudi kutoka mlimani sikuwa nimemsikia akicheka, na kwa ajili ya kicheko kile ningekubali anicheke mpaka Ijumaa.

Kilichofuata ni kazi, na kazi hiyo naijua. Tuliichemsha shofaje kwenye beseni la maji na ndimu, ndimu nyingi, yeye akizikamua, mimi nikigeuza, mpaka kutu ikaanza kutoka vipande vipande na maji yakawa na rangi ya chai. Tukarudia. Tukarudia tena. Halafu niliziba upande mmoja, nikafunga pampu ya baiskeli upande wa pili, nikaizamisha majini na kusukuma. Viputo vilitoka sehemu tatu. Nilipasha chuma changu kwenye mbabula, nikaziba kwa risasi ya kulehemu sehemu moja baada ya nyingine, nikajaribu tena. Kiputo kimoja. Nikaziba. Mara ya tatu maji yalitulia kabisa, na mke wangu, aliyekuwa amechuchumaa akiangalia, akasema "Vizuri" kwa sauti ile aliyokuwa anawapa wanafunzi.

Alhamisi nilivunja dashibodi. Nyinyi ambao hamjawahi kuitoa shofaje mjue kwamba watengenezaji wa magari waliiweka kwanza, halafu wakajenga gari lote kuizunguka. Nilitoa viti, usukani, redio isiyolia, na vis, yaani skrubu, zaidi ya arobaini za urefu tofauti. Nazijua hasira zangu, kwa hiyo kila kundi la vis nililiweka kwenye kopo lake la maziwa, na mke wangu akaandika juu ya kila kopo kwa mwandiko wake wa ubaoni: kushoto, kulia, chini ya usukani. Jirani mmoja alipita akauliza kama nauza kamyo kwa kilo. Nilimwomba Mungu anipe uvumilivu, akanipa wa kutosha dakika hiyo.

Shofaje iliingia kwenye kisanduku chake cha zamani bila kukataa, maana ni yake. Pembeni, pale hewa inapoweza kupita bila kupata moto, niliziba kwa vipande vya sponji ya godoro. Mbele nilitoa kile kipande cha chuma nilichounganishia mabomba, nikakitambua: mguu wa kiti cha shule. Nikafunga mabomba mapya. Na safari hii sikutia maji ya ziwa. Nilitia ya mvua, yaliyochujwa kwa kitambaa, pamoja na ile dawa ya kijani ya kuzuia kutu ambayo maisha yangu yote nimewaambia watu ni ulaghai.

Niliwasha injini. Tukasubiri ipate moto. Niliweka mkono kwenye tundu la hewa. Baridi.

Tukasubiri tena. Baridi tupu. Feni inapuliza, injini inachemka, na kinachotoka ni hewa ya Bagira. Hapo uvumilivu wangu uliisha. Nilitupa turnavisi ya kufungulia vis kwenye migomba, nikapiga usukani ngumi, nikaitukana kamyo, na aliyeiunda, na lugha iliyoandikwa kwenye vitufe vyake. Kesho yake ilikuwa Ijumaa. Mke wangu alinipita. Alikwenda kwenye migomba, akaokota turnavisi, akaifuta. Kisha akainama mbele ya boneti, akagusa mabomba mawili kwa ncha za vidole.

"Hii iko moto," alisema. "Hii iko baridi. Maji haipite."

"Najua," nilisema. Sikuwa najua. Lakini aliposema tu nikajua: hewa. Hewa ilikuwa imejifungia ndani ya shofaje, na maji hayapiti penye hewa. Inabidi pua ya gari iinuke juu ili hewa ipande na kutoka kwenye mdomo wa radiatere. Na Bukavu, pua ya gari kuinuka juu si kitu cha kutafuta. Niliigeuza kamyo pale pale mbele ya nyumba, ikatazama mlima, nikaweka mawe nyuma ya magurudumu, nikafungua kizibo cha radiatere ikiwa imepoa, nikaiwasha. Maji yalitulia. Halafu yakatoa pumzi moja kubwa, yakashuka. Nikaongeza. Yakatoa pumzi tena. Mara nne au tano hivyo.

Mke wangu alikuwa amekaa ndani, uso karibu na tundu la hewa. Nilisikia anakohoa. Nikakimbilia mlangoni. Kabini ilikuwa imejaa manyoya ya kuku, yanapeperuka kila upande, yametoka kwenye vyuma ambavyo nilidhani tumevisafisha, pamoja na harufu ya banda zima lililopashwa moto. Alikuwa na unyoya kwenye nyusi na mwingine mdomoni.

"Iko moto," alisema.

Ijumaa tulipokea masanduku mapema, tukapanda. Mvua ilitukuta kabla ya Walungu. Mlimani ukungu ulikuwa ule ule, barabara ile ile, tope lile lile, ila kioo cha mbele kilikuwa kisafi, na mikono yangu yote miwili ilikuwa kwenye usukani. Mke wangu alikuwa na masanduku mawili kwenye mapaja na mengine mawili kati yetu, na kidole chake kimoja ndani ya tundu la katoni. Vifaranga walikuwa wanaongea kwa ajili yetu, tii tii, tii tii, hawajapandisha sauti.

Karibu na kileleni wakanyamaza.

Nilisimamisha kamyo katikati ya barabara. Sikusema wamelala. Mke wangu alikuwa amefumba macho, mkono juu ya kifuniko, na hakuwa na nguvu ya kukiinua. Nilikiinua mimi.

Walikuwa wametawanyika sanduku zima, hakuna aliyemlalia mwenzake. Wamenyoosha shingo, wengine wametandaza vibawa, wamelala fofofo kama watu walioshiba. Nilimgusa mmoja kwa kidole. Akafungua jicho, akanitazama kwa dharau, akalifunga.

Mke wangu alifungua sanduku la pili, la tatu, la nne. Alivifunga vifuniko taratibu. Kisha akajifuta jasho la usoni. "Papa," alisema, "punguza basi. Tutaiva humu ndani."

Nilizungusha kitufe cha bulu na nyekundu. Kilizunguka tu, waya wake ulikuwa umekatika tangu zamani na sikuwa nimeufikiria. Shofaje yetu ilikuwa na neno moja tu, nalo ni moto. Basi nikashusha kioo cha upande wangu nusu, na tukaendelea kupanda, mvua ikinipiga begani, jasho likinitiririka mgongoni, vifaranga mia mbili wakiwa wamelala.

Wale wamama walitoka kutupokea na makoti yao mazito, wakatukuta tumelowa jasho wakashangaa. Yule mrefu, mwenye kitambaa cha njano, alifungua sanduku la kwanza. Vifaranga waliamka wote kwa pamoja. Alitia mkono ndani, akauacha humo, hautoi, anawaacha wampande vidoleni.

Nilikwenda mbele, nikainua boneti, nikajifanya naangalia maji. Kutoka pale nilimsikia mke wangu akimwambia, kwa sauti ya kawaida kabisa, ya mtu anayepanga kazi zake: "Mwezi ingine tutaleta mia tatu." Nililia kidogo, kichwa kikiwa ndani ya boneti, na hakuna aliyekuja kuniuliza injini ina nini.